Kufuli Tatu

Niandike mimi, maana ndimi katibu,
na kalamu ndicho kitu pekee nilichokabidhiwa:
ilianza kwa sukari.

Masika yale, paa la Bibi Nyanzala likivuja,
akina mama wa msikitini walimpelekea kilo mbili.
Jioni ikaja kwaya yetu, na kilo mbili.
Kesho yake wakafika warina asali,
watu wenye madebe ya asali uvunguni mwao,
nao wakaja na sukari.
Bibi akaipanga mifuko kitandani, pale pasipodondoka maji,
akatutazama.
"Mnataka nigeuke nyuki?"

Tuliondoka hatusemezani,
vikundi vitatu kwenye njia moja ya Sikonge.
Barabara ina pande mbili tu,
sisi wanakwaya tukashika katikati.

Umoja haukutushukia kama mvua.
Tulibishana tangu palizi hadi tumbaku inakaushwa
nani atunze fedha, na nani hafai hata kuzihesabu.
Mwisho fundi Kashindye, asiye na kikundi,
akachoka kutusikia,
akaranda sanduku la mninga, akalipiga pete tatu.
"Kila mmoja afunge. Anayemwogopa mwenzake
alale na ufunguo wake."

Ndivyo tulivyoanza kuaminiana: kwa kufuli.

Mwaka wa pili tukanunua guta la kubebea wagonjwa,
la mtumba, breki moja, honi mbili.
Likatuletea ugomvi wa jina.
Kwaya tulitaka liitwe Neema.
Mwanahija wa msikitini akasema liitwe Baraka.
Mihambo alitaka achorwe nyuki mlangoni,
na guta lenyewe halina mlango.
Rangi ikagandia koponi.
Mihambo akaingia porini kwa hasira,
na ufunguo wa tatu.

Usiku wa tarehe kumi na moja
Kalunde binti Msabila, uchungu siku ya pili,
mtoto amelala kikingamo.
Tenki la guta kavu.
Mwanahija alitoka pekupeku, ufunguo kwenye pindo la khanga.
Wa kwetu ulikuja shingoni mwa Shija,
kamba moja na msalaba.
Kufuli mbili zikaachia.
Ya tatu ikatukodolea macho.

Kashindye akaleta tindo, akaielekeza kwenye pete
aliyoipiga mwenyewe.
Nyundo ikapanda. Haikushuka.

Ndipo tukasikia fimbo ikigonga kokoto.
Bibi Nyanzala, gizani, na kopo chini ya kwapa.
"Mihambo aliniachia.
Alisema msimbembeleze. Ila mkikwama, niwape."
Ufunguo ulikuwa umezikwa kwenye sukari ileile,
iliyopata unyevu ikamng'ang'ania meno yote.
Ilibidi Shija aulambe
ndipo uingie.

Matumizi, kama yalivyosomwa kikaoni:
petroli, lita nne.
Glovu, jozi tatu.
Wembe, mmoja.
Khanga ya Mwanahija, moja, haikurudi.
Kitete walifika kabla ya adhana ya alfajiri.
Mtoto wa kike, ana sauti ya kudai deni.
Mama ameshonwa, anakunywa uji.

Mihambo alirudi baada ya wiki, hakuuliza kitu,
akakaa kati ya kwaya na msikiti akinuka moshi.
Alileta madebe mawili.
Moja tuliuza, likawa bati nne
juu ya kitanda cha Bibi.
La pili bado tunabishana.

Ajenda ya tano, jina la guta:
imeahirishwa, kwa mara ya nne.
Kwa sasa watoto wameandika kwa vidole
kwenye vumbi la ubavu wake,
kila mmoja jina lake.

Kikao kilifungwa saa kumi na nusu.
Sanduku pia,
mara tatu.